Jinsi ya kupima hoja kabla hujaikubali au kuikataa

Wanaoanza kusoma mantiki huuliza maswali yale yale. Hoja halali ni ipi? Inakuwaje hoja mbovu ikatoa jibu sahihi? Na kosa hili linaitwaje? Swali la mwisho ndilo linaloulizwa zaidi, na ndilo linalowapoteza wengi. Mtu anakariri orodha ya makosa ya kimantiki, kisha anaingia kwenye mjadala na kuyarusha kama mawe: "Hapo umemshambulia mtu!" "Hiyo ni hoja ya mzunguko!" Ukimwomba akueleze hoja ya mwenzake ilikuwa inasema nini, hawezi.

Mwongozo huu unakwenda kinyume na mtindo huo. Tunaipanga hoja kwanza, tunaijaribu, na jina la kosa linakuja mwisho kabisa, kama lina haja ya kuja. Utakufaa ukiwa kidato cha tano na umekutana na mada ya mantiki kwenye Hisabati ya Juu, ukiwa mseminari unayeanza falsafa, ukiwa mwanamdahalo, au ukiwa mtu wa kawaida unayetumiwa jumbe ndefu kwenye simu na hujui uziamini au uzifute.

Kabla ya kuanza

Tafuta daftari na kalamu. Usijidanganye kwamba utafanya kichwani, kwa sababu kichwani sentensi mbili zinazofanana hujigeuza moja bila wewe kuona.

Tafuta hoja moja halisi isiyozidi aya moja: maoni ya gazetini, tangazo la dawa, kipande cha hotuba. Kwa mara ya kwanza chagua hoja unayokubaliana nayo. Hoja ya adui utaitafutia kosa hata pale lisipokuwepo, ila ukiweza kuona kosa kwenye hoja unayoipenda, umeanza vizuri.

Kisha elewa maneno manne. Msingi ni kauli inayotolewa kama sababu. Hitimisho ni kauli inayotetewa na misingi hiyo. Hoja ni halali endapo haiwezekani misingi yake yote iwe kweli halafu hitimisho liwe uongo. Isipokuwa hivyo ni batili. Hoja ni madhubuti ikiwa ni halali na, juu ya hapo, misingi yake yote ni kweli. Kauli huwa kweli au uongo, hoja huwa halali au batili. Anayesema "hoja ya kweli" au "kauli halali" ameshachanganya vitu viwili ambavyo kazi yetu yote ni kuvitenganisha.

Hatua ya 1: Tafuta hitimisho

Soma maandishi yote, kisha jiulize: huyu anataka nikubali nini? Jibu liandike kwa sentensi moja. Hitimisho hutanguliwa na "kwa hiyo", "hivyo basi", "ndiyo maana", "kumbe". Misingi hutanguliwa na "kwa kuwa", "kwa sababu", "kwani", "maana". Lakini kwenye mazungumzo ya kila siku hitimisho mara nyingi huja kwanza, tena bila alama yoyote: "Usimpe kura yule. Hata uenyekiti wa mtaa ulimshinda."

Angalizo: si kila "kwa sababu" ni hoja. "Magari yanapita njia ya chini kwa sababu daraja limevunjika" haitetei kitu. Magari tunayaona wote, msemaji anaeleza chanzo tu. Ili kujua tofauti, uliza kama kuna mtu anayebishia sehemu ya kwanza. Kama hayupo, hayo ni maelezo, yaache.

Hatua ya 2: Kila kauli mstari wake

Ondoa matusi, viapo na vijembe. Ondoa pia "kila mtu anajua kwamba". Kinachobaki kipe namba: M1, M2 kwa misingi, H kwa hitimisho. Maswali ya balagha yageuze kuwa kauli. "Tangu lini mpangaji akamfundisha mwenye nyumba?" inakuwa "Mpangaji hana la kumfundisha mwenye nyumba." Ikiwa swali, ilikunyamazisha. Ikiwa kauli, unaona mara moja kwamba inaweza kubishiwa.

Angalizo kubwa la hatua hii ni kupandisha au kushusha nguvu ya maneno. "Baadhi" isigeuke "wengi", "wengi" isigeuke "wote", "huenda" isigeuke "lazima". Kuwa mwangalifu zaidi pale "wote" inapokutana na ukanushi. Mwalimu akisema "Wanafunzi wote hawakuja", huenda ana maana darasa lilikuwa tupu, huenda ana maana wamekuja wachache. Kwenye daftari lako usiache sentensi ya namna hiyo. Andika "Hakuna mwanafunzi aliyekuja" au "Si wanafunzi wote waliokuja", kufuatana na alichokusudia. Na kumbuka, kinyume cha "wote wamefaulu" ni "angalau mmoja hakufaulu". Wanafunzi wengi huandika "wote wamefeli" na kupoteza alama.

Hatua ya 3: Fichua msingi uliofichwa

Hoja nyingi za mtaani hazisemi kila kitu. "Dawa hii ni ya mitishamba, kwa hiyo haina madhara." Kati ya msingi na hitimisho kuna pengo. Ili kulivuka unahitaji kauli ambayo msemaji hakuitamka:

M1. Dawa hii ni ya mitishamba.
M2. Hakuna kitu cha mitishamba chenye madhara. (imefichwa)
H. Dawa hii haina madhara.

Ukishaiandika M2 kazi inakuwa rahisi. Tumbaku ni jani. Muhogo mchungu usipoandaliwa vizuri hutoa sianidi, na sumu hiyo imepoozesha miguu ya watu Kongo, Msumbiji na hata Tanzania, ugonjwa unaoitwa konzo. M2 ni uongo. Haimaanishi kwamba dawa ile ina madhara. Inamaanisha kuwa sababu tuliyopewa haitoshi, na tunahitaji nyingine.

Angalizo: usimzulie mwenzio. Jaza pengo kwa kauli ndogo kabisa inayotosha, na iwe ile ambayo yeye mwenyewe angeikubali. Anayesema watoto wapunguziwe kazi za nyumbani za shule hajasema watoto wasisome. Ukimwandikia hivyo daftarini, utakuwa unapigana na mtu ambaye hayupo, na msikilizaji makini atakuona.

Hatua ya 4: Toa umbo

Hapa ndipo uzito wa mwongozo ulipo, kwa hiyo usiharakishe. Badili kauli kwa herufi ili ubaki na mifupa ya hoja. Umbo linalojitokeza kuliko yote ni la sharti: "Kama P, basi Q." Chukua mfano huu, ambapo LUKU ni umeme wa kulipia kabla ya kuutumia: "Kama LUKU imeisha, taa za nyumbani haziwaki." Kutoka hapo watu hujenga hoja nne:

(a) LUKU imeisha. Kwa hiyo taa haziwaki.
(b) Taa zinawaka. Kwa hiyo LUKU haijaisha.
(c) Taa haziwaki. Kwa hiyo LUKU imeisha.
(d) LUKU haijaisha. Kwa hiyo taa zinawaka.

(a) na (b) ni halali. Vitabuni utazikuta kwa majina ya Kilatini, modus ponens na modus tollens. (c) na (d) ni batili, kwa sababu taa zinaweza kuzimika kwa njia nyingine: umeme umekatika mtaa mzima, waya umelegea, balbu zimeungua. Sharti lilisema LUKU ikiisha itakuwaje. Halikusema kwamba LUKU ndiyo sababu pekee ya giza.

Kosa la (c) limegharimu zaidi ya mitihani. Kwa miaka mingi, katika sehemu kubwa ya Afrika, mtoto mwenye homa alipewa dawa ya malaria bila kupimwa. Ukiandika fikra hiyo daftarini inakuwa: mwenye malaria hupata homa, huyu ana homa, kwa hiyo ana malaria. Ni umbo lile lile la (c). Nimonia huleta homa. Homa ya matumbo huleta homa. Maambukizi ya njia ya mkojo huleta homa. Mtoto wa nimonia aliyerudishwa nyumbani na dawa ya malaria alikuwa bado na ugonjwa wake kifuani. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, kwa hadubini au kwa kipimo cha haraka, ndipo apewe dawa.

Tuwatendee haki waliokuwa wakitibu hivyo. Vipimo vilikuwa haba na malaria kali huua mtoto haraka, kwa hiyo kumpa dawa ulikuwa uamuzi wenye busara yake. Ila kuamua kutibu ni jambo moja, na kusema "tumejua ana malaria" ni jambo jingine. Tena angalia msingi wa kwanza wenyewe: watu wazima wanaoishi kwenye maeneo ya malaria wanaweza kubeba vimelea bila homa yoyote. Hivyo hata (b), "hana homa, kwa hiyo hana malaria", ina umbo halali lakini imesimama juu ya msingi unaovuja.

Sasa jipime. Kuna kadi nne mezani. Kila moja ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Unaona E, K, 4 na 7. Kanuni inasema: kama upande mmoja kuna irabu, upande wa pili kuna namba shufwa. Ni kadi zipi lazima uzigeuze ili kujua kama kanuni imevunjwa? Usiendelee kusoma kabla hujaandika jibu.

Wengi huandika E na 4. Jibu ni E na 7. Ukigeuza 4 na kukuta konsonanti, kanuni haijavunjwa, kwani haikusema konsonanti isikae na shufwa. Ukigeuza 7 na kukuta irabu, imevunjwa. Kuchagua 4 ni kosa la (c), kusahau 7 ni kusahau (b). Jaribio hili lilibuniwa na mwanasaikolojia Mwingereza Peter Wason mwaka 1966, na waliopatia hawakufika mtu 1 kati ya 10. Kwa hiyo ukikosea, una wenzako wengi. Mwaka 1982 watafiti wawili huko Florida, Griggs na Cox, walibadili kadi ziwe za watu baa: kama mtu anakunywa bia, lazima awe amezidi miaka 19. Umbo halikubadilika, lakini takriban robo tatu walijua wamwangalie mnywa bia na yule mwenye umri mdogo. Ukikwama kwenye herufi, basi, vaa viatu vya mlinzi wa mlangoni: nani anaweza kuwa anavunja sheria?

Neno dogo "tu" nalo huangusha wengi. Tangazo mlangoni linasema "Wenye vitambulisho tu wataingia." Maana yake: kama mtu ameingia, basi ana kitambulisho. Haisemi kwamba kila mwenye kitambulisho ataingia. Ukumbi unaweza kujaa. Ukiona "tu" au "pekee", sharti linageuka mwelekeo.

Hatua ya 5: Tafuta mfano pinzani

Umbo likikushinda kulitambua kwa jina, lipime hivi. Weka maneno mengine kwenye umbo lile lile, mpaka upate misingi iliyo kweli wazi na hitimisho lililo uongo wazi. Ukifanikiwa mara moja tu, umbo ni batili, na hoja ya mwanzo haikubebwa na umbo hilo.

Mtu anasema: "Wezi wote hutembea usiku. Huyu anatembea usiku. Kwa hiyo huyu ni mwizi." Badili: "Paka wote ni wanyama. Mbwa huyu ni mnyama. Kwa hiyo mbwa huyu ni paka." Hakuna haja ya kubishana zaidi. Aristotle, aliyeishi kati ya mwaka 384 na 322 kabla ya Kristo, alitumia mbinu hii hii kukataa maumbo mabovu, naye ndiye wa kwanza tunayemjua kuyapanga maumbo ya hoja kwa utaratibu.

Angalizo: mfano pinzani unaua "wote", hauui "wengi" wala "hatari huongezeka". Anayesema "babu alivuta sigara akafika miaka 90" amejibu dai ambalo hakuna daktari aliyelitoa.

Hatua ya 6: Chora jedwali la ukweli pale inapobidi

Hoja ikiwa na "kama", "na", "au", "si", jedwali hukupa jibu bila ubishi. K ni kweli, U ni uongo.

P | Q | Kama P basi Q
K | K | K
K | U | U
U | K | K
U | U | K

Idadi ya mistari hutegemea herufi ulizonazo: herufi 2 mistari 4, herufi 3 mistari 8, herufi 4 mistari 16. Ukishachora, tafuta mstari ambao misingi yote ina K na hitimisho lina U. Ukiupata, hoja ni batili. Jaribu (c): misingi ni "Kama P basi Q" na "Q", hitimisho ni "P". Tazama mstari wa tatu. Misingi yote ni K, hitimisho ni U. Imekwisha.

Kuhusu "au": katika mantiki "P au Q" ni kweli hata vyote viwili vikiwa kweli. Ukitaka kimoja pekee, andika "P au Q, lakini si vyote viwili."

Hatua ya 7: Sasa ndipo uulize kama misingi ni kweli

Wengi huanzia hapa, na hapo ndipo mjadala hugeuka ugomvi. Linganisha hoja hizi mbili.

Miji yote ya Tanzania iko pwani. Dodoma ni mji wa Tanzania. Kwa hiyo Dodoma iko pwani.

Baadhi ya miji ya Tanzania iko pwani. Tanga ni mji wa Tanzania. Kwa hiyo Tanga iko pwani.

Ya kwanza ni halali, ingawa hitimisho lake ni uongo, kwa sababu kosa lote liko kwenye msingi wa kwanza. Ya pili kila sentensi yake ni kweli, na bado ni batili. Ondoa Tanga weka Dodoma uone. Ukielewa jozi hii, umeelewa nusu ya somo. Isome tena kesho.

Hatua ya 8: Chunguza makosa yasiyo ya umbo

Kuna hoja ambazo umbo lake halina tatizo, au halionekani kabisa, lakini zinakuvuta kwa njia nyingine. Sisi Waswahili tuna njia yetu ya kufanya hivyo: methali. Ninazipenda, na hotuba bila methali hupoa. Lakini methali ni namna ya kusema jambo vizuri. Haithibitishi jambo lenyewe. Ushahidi ni kwamba zinapingana: "Haraka haraka haina baraka" na "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Ukiwa na uamuzi tayari, hukosi methali ya kuuunga mkono. Kwa hiyo ukikuta methali mahali pa msingi, iandike kwa lugha ya kawaida, kisha uliza kama inafaa hapa.

"Nyani haoni kundule." Daktari anayevuta sigara anakwambia uache sigara, nawe unamjibu hivi. Umemwonyesha kuwa hatendi anachosema. Kuhusu mapafu yako hujajibu chochote.

"Mtoto wa nyoka ni nyoka." Wazo linakataliwa kwa sababu ya ukoo, chama au kabila la aliyelileta. Chanzo cha wazo si kipimo cha ukweli wake.

"Wengi wape." Kwenye uchaguzi ni sawa kabisa, kwani tumekubaliana kuamua kwa wingi. Kwenye swali la kama chanjo inafanya kazi, wingi wa wanaoamini au wasioamini hauongezi wala haupunguzi kitu.

"Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Hii ni ya hatari kuliko zote, na ninaomba uiogope. Ukikuta ushahidi, uvumi ni kweli. Usipoukuta, uvumi ni kweli bado, unakuja tu. Kauli ambayo hakuna tukio lolote linaloweza kuipinga haikwambii chochote kuhusu dunia, na mtu aliyezushiwa jambo hana njia ya kujitetea mbele yake.

Mengine nayataja kwa kifupi. Kubana njia mbili: "Uko nasi au uko na adui", wakati njia ya tatu ipo. Hoja ya mzunguko: "Mganga huyu hasemi uongo, yeye mwenyewe amesema." Kubadili maana katikati: "Nchi yetu ni huru tangu 1961; aliye huru halazimishwi; kwa hiyo hakuna wa kunilazimisha kulipa kodi", ambapo uhuru wa nchi umegeuzwa kimyakimya kuwa uhuru wa mtu binafsi. Kufuatana kuchukuliwa kama kusababishwa: ulikunywa maji ya limau na tangawizi, mafua yakaisha siku ya saba, ilhali mafua ya kawaida huisha yenyewe ndani ya siku 7 hadi 10.

Na mikeka, yaani tiketi za kubashiri matokeo ya mechi. Kijana amechana mikeka mitano mfululizo, yote imepotea, anasema wa sita lazima utiki, yaani ushinde. Mikeka iliyopita haina kumbukumbu wala deni kwake. Halafu kuna hesabu ambayo hakuna anayemwonyesha. Tuseme kila mechi ana uhakika wa asilimia 70, na matokeo ya mechi moja hayategemei ya nyingine. Mechi 10 zote kutiki ni 0.7 mara yenyewe mara kumi, sawa na asilimia 2.8, yaani takriban mkeka 1 kati ya 35. Kila mechi peke yake inaonekana ya hakika, mkeka mzima ni karibu hakika utachanika.

Ukikwama

"Kwa nini Kama P basi Q ni kweli wakati P ni uongo?" Baba anasema, "Ukifaulu nitakununulia baiskeli." Umefeli. Akikununulia au asikununulie, hajavunja ahadi. Amevunja katika hali moja tu: umefaulu, baiskeli hakuna. Huo ndio mstari wa pili wa jedwali, wenye U. Ni kweli kwamba "kama" ya mazungumzo hubeba zaidi ya hapo, hasa uhusiano wa sababu, lakini kwa kupima uhalali hii inatosha.

"Hoja inasema 'huenda' na 'mara nyingi'. Niiite batili?" Hapana. Hoja hiyo haikuahidi ulazima. Ipime kwa nguvu: mifano ni mingi kiasi gani, ilichaguliwaje, kuna maelezo mengine? Wanafunzi watano wa shule moja hawawezi kusimama badala ya nchi.

"Je, kumtaja mtu ni kosa kila mara?" La. Shahidi mahakamani akisema aliona kwa macho yake, uaminifu wake ni sehemu ya ushahidi, na kumhoji ni halali. Msomi akitoa hoja ambayo misingi yake unaweza kuikagua mwenyewe, tabia yake haihusiki. Vivyo hivyo kwa wakubwa na wataalamu: kumwamini fundi kwenye fani yake ni busara, kumwamini kwenye fani ya mwingine kwa sababu ya cheo chake ni kosa.

"Misingi yangu inapingana." Rudi hatua ya 2. Misingi inayopingana huzalisha hitimisho lolote utakalo kwa njia halali, kwa hiyo uhalali wake hauna faida.

"Nimeonyesha hoja yake ni batili, kwa nini bado anaamini?" Pengine kwa sababu hitimisho ni kweli, na ana sababu nyingine. Ukibomoa hoja, umeondoa nguzo moja. Kusema "hoja ni mbovu, kwa hiyo hitimisho ni uongo" nako ni kosa la kimantiki.

Mazoezi matatu

1. Hakuna aliyethibitisha kuwa kisima hiki kina maji machafu. Kwa hiyo maji yake ni salama.
2. Wenye leseni tu wanaruhusiwa kuendesha daladala. Hamisi ana leseni. Kwa hiyo anaruhusiwa kuendesha daladala.
3. Mwanafunzi akisoma kwa bidii hufaulu. Asha hakufaulu. Kwa hiyo Asha hakusoma kwa bidii.

Majibu. La 1: kutokuwepo kwa uthibitisho si uthibitisho, ila uliza kama maji yalipimwa. Yakipimwa vizuri na uchafu usionekane, hoja inapata nguvu. La 2: batili, kwa sababu ya "tu", leseni zina madaraja, ya pikipiki haimruhusu Hamisi kubeba abiria wa basi. La 3: halali, ni umbo la (b), na wazazi wengi humwadhibu mtoto kwa hoja hii. Usipoteze muda kubishia umbo. Bishia msingi wa kwanza: Asha anaweza kuwa alisoma kila usiku kwa Kiingereza ambacho hajakielewa bado, au alifanya mtihani akiwa na njaa, au darasa lake halikuwa na mwalimu wa hisabati muhula mzima.